Mikono ya Kukodi

Kiti kilikataliwa getini.

"Hiki ni cha nani?" mlinzi aliuliza. Alikigeuza juu chini, akagonga miguu yake mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kilichofichwa ndani.

"Changu, baba. Mume wangu amekitengeneza. Nakipeleka studio."

"Una kibali cha kuingiza samani?"

"Samani gani? Ni kiti tu."

"Kiti ni samani, mama. Kikiingia bila karatasi, siku ya kutoka nitasema kimetoka wapi? Nitaambiwa tumeshirikiana kuiba. Hapa hata ufagio una namba."

Mkalimani aliweka mkono kiunoni na kushusha pumzi. Mimba ilikuwa imekaa chini, na muuguzi wa kliniki alikuwa amemwonya asisimame muda mrefu, la sivyo mtoto atakuja kabla ya wakati wake. Ndiyo maana mumewe, ambaye ni seremala, alimpima kwa kamba, akakata mbao, akatengeneza kiti kirefu chembamba chenye pa kuegesha miguu. Mtu akikikalia, kichwa chake kinafika palepale kinapofika akisimama. Kamera isingejua tofauti.

"Basi kibali kinatoka wapi?" aliuliza.

"Utawala. Lakini utawala wanawapa wafanyakazi." Mlinzi alitazama kadi iliyoning'inia shingoni mwa mkalimani. Iliandikwa MGENI, kwa herufi nyekundu. "Wewe nakujua vizuri, mama. Nakuona kila jioni. Lakini kadi nayo inasema yake."

"Mgeni siku mbili, baba, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika mwaka wa sita huu, na bado mgeni."

Mlinzi alicheka, maana hakuwa mtu mbaya. "Kiache hapa. Nitakitunza."

Akakiacha. Akaingia ndani, akasimama.

Kazi yake ilikuwa ndani ya kisanduku kidogo pembeni mwa skrini. Taarifa ya habari ya jioni ikisomwa, yeye aliigeuza kwa mikono kuwa lugha ya alama, ili viziwi nao wajue dunia imeamkaje na imelalaje. Hakukuwa na mwingine kituoni aliyeijua lugha hiyo. Viziwi wana desturi ya kumpa kila mtu jina la mikono, kutokana na sura yake au tabia yake, na yeye walimwita Dirisha. Mtangazaji wa jioni walimwita Kidoti, kwa doa lililokuwa juu ya mdomo wake. Mkuu wa habari walimwita Saa. Alikuja siku moja kwenye mkutano wao, na kila kiziwi aliyetaka kusema neno alimkuta anatazama mkono wake wa kushoto.

Kidoti naye alikuwa mjamzito. Mimba zao zilipishana kidogo tu. Lakini Kidoti aliketi nyuma ya meza, na nyuma ya mgongo wake palikuwa na mto ambao utawala uliununua. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye ubao wa likizo.

"Dada, miguu vipi?" Kidoti alinong'ona wakati tangazo la sabuni likipita.

"Inawaka moto."

"Pole. Ningewaambia, lakini…" Taa nyekundu ikawaka, Kidoti akageukia kamera, akatabasamu.

*

Saa alimpokea ofisini bila kumkaribisha kuketi. Mkalimani aliketi hivyo hivyo.

"Kiti ni tatizo la kiufundi, dada yangu," alisema. "Ukikaa, kisanduku kinabadilika. Fundi mitambo apange upya."

"Fundi nimemuuliza. Amesema hakibadiliki."

"Fundi si msemaji wa kituo." Akatazama saa yake. "Na tuseme ukweli, sisi ni watu wazima. Tumbo linakua. Kile kisanduku ni kidogo. Watazamaji wataona tumbo, mikono hawataiona."

"La Kidoti je?"

"La Kidoti lipo chini ya meza."

"Basi nipeni likizo kama atakayopewa yeye. Nikijifungua nirudi."

"Likizo ni ya waajiriwa. Wewe ni mtoa huduma. Tunakukodi kwa taarifa moja moja, kama tunavyokodi jenereta umeme ukikatika. Jenereta haliombi likizo." Alicheka peke yake, kisha akajikohoza. "Sikukusudia vibaya. Nenda ukapumzike. Afya kwanza. Tutaona mambo yakikaa sawa."

"Nani atasimama pale?"

"Hilo tuachie."

Alipotoka getini alimkuta mlinzi amekikalia kile kiti, miguu imeegeshwa vizuri, anakula karanga.

"Mama, mumeo ni fundi kweli kweli!" alisema mlinzi. "Mgongo umenyooka. Unakichukua?"

Mkalimani alikitazama kiti, akaiona njia ndefu ya kwenda nyumbani. "Kaa tu, baba," alisema.

*

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe na mama mkwe. Seremala alipoteza uwezo wa kusikia kwa homa akiwa mtoto, na mama yake alijifunza kusema naye kwa vidole vya kukisia, kama mtu anayeita kuku. Mkwe alipokuja ndipo nyumba ilipoanza kuongea. Mama mkwe aliliita jambo hilo jibu la maombi, na kila alfajiri alimshukuru Mungu kwa sauti. Mwanawe alipenda kumtania kwamba Mungu si kiziwi.

Jioni hiyo seremala aliona uso wa mkewe kabla ya mikono yake.

"Wamekataa kiti?"

"Wamekataa kiti pamoja na mwenye kiti."

Alimweleza yote. Alipofika kwenye jenereta, seremala aliisimamisha mikono ya mkewe, akamtaka arudie. Aliporudia, alitoka nje, akapanga mbao ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Amekwenda wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Amekwenda kukasirika, mama."

"Mwache. Baba yake alikuwa hivyohivyo. Na wewe, mwanangu, usilibebe hili moyoni, mtoto analisikia. Mkabidhi Mungu."

"Nimemkabidhi, mama. Lakini nilitaka na kiti."

Tangu siku hiyo mkalimani aliapa hataitazama taarifa ya jioni. Mama mkwe alipowasha televisheni, yeye alikwenda kulala akaugeukia ukuta. Ilikuwa hasira ya halali. Baadaye ndiyo iliyomwuma kuliko yote.

*

Viziwi wa mtaa ule waliitazama habari kwenye karakana ya seremala, wakiwa wameketi juu ya mbao na magogo, maranda hadi vifundoni. Fundi viatu, mzee mmoja, alikuwa wa kwanza kufika kila mara. Aliishi peke yake chumba kimoja kule bondeni, na alisema taarifa ya habari ndiyo familia yake: inakuja kila jioni, inaleta ugomvi, kisha inaondoka.

Siku ya kwanza ya mkalimani mpya, karakana nzima ilikodoa macho. Kisandukuni alikuwamo binti wa mapokezi, yule anayepokea simu na kuwaandikia wageni kadi. Alipunga mikono. Aliizungusha, akaikunja, akaipeleka kifuani na kuirudisha. Kwa mbali ilifanana na lugha, kama vile mtoto anayechora mawimbi kwenye karatasi na kusema ameandika barua.

"Anasemaje?" aliuliza seremala.

"Subiri," alijibu fundi viatu. "Amesema nyanya. Nyanya… imeolewa… jana."

"Hapana, amesema waziri anawashwa."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye gogo. Kisha kicheko kikaisha, wakaendelea kutazama, maana hawakuwa na kitu kingine cha kutazama. Binti alikuwa akitokwa jasho. Seremala aliliona hilo, akamhurumia, akashindwa kujua huruma hiyo aiweke wapi.

Walikwenda kulalamika getini, wanne. Mlinzi aliwaandikia kwenye kiganja chake: NJOONI NA MKALIMANI.

Jioni ya maji ilifika baada ya hapo. Kiwanda cha rangi kilikuwa kimemwaga dawa za kuyeyushia rangi, nazo zikaingia kwenye bomba la bondeni. Kidoti alisoma kwa uso mzito: wakazi wa bondeni wasinywe maji ya bomba, hata wakiyachemsha, mpaka watakapotangaziwa. Pembeni yake binti wa mapokezi alisikia neno maji, neno kunywa, na akafanya alichoweza. Aliinua kikombe cha hewa, akanywa, kisha akapitisha kiganja kifuani taratibu. Alidhani hiyo ni alama ya kukataza. Aliyemfundisha alikuwa mkanda wa zamani wa Dirisha.

Karakana ilishangaa. Ilikuwa mara ya kwanza binti yule kueleweka.

"Maji, kunywa, mazuri," alisema fundi viatu kwa mikono yake. "Afadhali. Wiki nzima yalikuwa yananuka. Kumbe wameyasafisha."

Alifika kwake, akajaza jagi.

*

Majirani wa fundi viatu walijieleza baadaye, na hakuna aliyesema uongo. "Tulimwona anatoka kutazama habari," walisema. "Tukajua anajua."

Walimkuta asubuhi amelala mlangoni, ametapika, anapapasa hewa. Seremala na mkewe walipofika hospitali, daktari alikuwa anampigia kelele sikioni.

"Hasikii, daktari," mkalimani alisema. "Niambie mimi."

"Wewe ni nani yake?"

Alifikiri. "Mkalimani wake."

"Mwambie tumeondoa sumu kiasi. Moyo utapona. Macho ndiyo yameguswa. Ataona kivuli, ataona mwanga. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Aliwahi kutafsiri vita, mafuriko na misiba ya wakubwa, na mikono ilimtii. Sasa aliinua mikono mbele ya mzee yule, ikakataa. Seremala alimshika bega. Akasema yote, polepole, karibu kabisa na uso wa mzee, penye mwanga, ili afuate vivuli vya vidole, wala hakupunguza neno.

Fundi viatu akauliza, "Kwa nini alisema ni mazuri?"

"Hakujua anasema nini."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Swali hilo alikwenda nalo nyumbani. Mama mkwe alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, tumbo limeegemea godoro. Bibi yule naye akapiga magoti pembeni yake, na kwa mara ya kwanza aliomba bila sauti.

*

Gari la kituo lilikuja kumchukua siku iliyofuata. Hakuwahi kuchukuliwa na gari kabla ya hapo. Getini mlinzi alisimama kutoka kwenye kiti na kumpigia saluti.

Mapokezi palikuwa na fujo ya simu zinazolia. Binti wa mapokezi alikuwa anaweka vitu vyake kwenye mfuko: kikombe, kandambili, picha ya mama yake. Macho yamevimba.

"Dada," alisema. "Dada, nisamehe. Niliwaambia sijui. Wakasema hakuna anayeelewa, punga tu mikono, sheria inataka mtu awepo pale basi. Mimi ni kibarua wa simu. Ningekataa, wenzangu kumi wako nje wanataka kiti changu."

Mkalimani alitaka kumchukia. Alikuwa amekuja na chuki yake tayari. Alimtazama yule binti anayekunja kandambili kwenye gazeti, akakosa pa kuishika.

"Usiondoke kwanza," alimwambia. "Nisubiri."

Ofisini Saa alimvutia kiti mwenyewe.

"Dada yangu, karibu, karibu. Chai? Jambo lililotokea ni la kusikitisha sana. Tunataka urudi leo. Kiti utapata. Ikibidi tutamnyang'anya mlinzi." Alicheka, hakusaidiwa. Akasukuma karatasi mezani. "Hii itasomwa mwanzoni mwa taarifa. Unaigeuza kama kawaida."

Aliisoma. Kituo kilisikitika. Kituo kilitoa pole. Mkalimani aliyekosea hakuwa mfanyakazi wa kituo, bali mtoa huduma wa nje aliyekodiwa. Wakalimani wote wa kituo ni watoa huduma wa nje. Kituo hakihusiki na makosa yao.

"Mnataka niyaseme haya? Kwa viziwi? Mimi?"

"Nani mwingine? Wewe wanakuamini."

"Sawa," alisema mkalimani, na Saa akashusha mabega. "Lakini kwanza niandikie mkataba, kama wa Kidoti. Likizo ya uzazi, kama ya Kidoti. Na yule binti asifukuzwe, maana aliwaambia hajui."

"Mkataba ni mambo ya bodi."

"Bodi naisubiri. Nina muda, nimepumzishwa."

Saa alitazama mkono wake wa kushoto. "Usiniwekee masharti, dada. Wewe ni mkalimani. Mkalimani hachagui maneno."

"Kweli hachagui. Akishasimama pale anasema kila kitu, hata kinachomchoma. Ndiyo maana nachagua kabla. Nisimame au nisisimame."

"Unajua maana yake? Kisanduku kile tunaweza kukiondoa kabisa. Kwa mzigo wote huu ulioletwa na mikono miwili! Wakili anasema bila mkalimani hakuna kosa la mkalimani."

"Najua."

"Fikiria mtoto wako. Jibu ifikapo mchana."

*

"Nenda ukaseme, mwanangu," mama mkwe alimwomba. Alikuwa anachambua mchele, na ulikuwa mchache. "Maneno si yako, ni yao. Mungu anaujua moyo wako."

"Maneno ni yao, mama. Mikono ni yangu."

"Mkono mtupu haulambwi. Na huyo mtoto atavaa haki?"

Bibi yule alisema kweli, na ndilo lililouma. Karakana haikuwa na oda tangu mwezi uliopita, na kliniki haikubali nia njema.

Seremala alikuwa amezisoma nyuso zao. Alimwuliza mkewe maneno ya ile karatasi, akaambiwa. Alikaa kitako juu ya kizingiti.

"Ukiyasema, nitakuelewa," alisema kwa mikono. "Ukiyakataa, tutakula kidogo. Sitakuchagulia. Watu wengi wamekuchagulia."

"Anasemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Anasema tutakula kidogo."

Bibi aliutazama mchele. Alirudisha viganja viwili kwenye gunia, akaendelea kuchambua.

Gari la kituo lilikuja, likapiga honi, likangoja. Dereva alishuka, akagonga mlango. Mkalimani alitoka akamwambia asante, hatakwenda. Kesho yake angekwenda ofisi ya kazi yeye na binti wa mapokezi, na afisa kazi angewaambia kwamba kesi za watu wasio na mkataba huchukua muda mrefu, waache namba ya simu. Lakini hilo alikuwa bado hajalijua.

*

Jioni karakana ilijaa. Walikuja hata wa mitaa ya mbali, wamesikia, kwa namna wanavyosikia wao, kwamba kituo kitasema jambo kuhusu maji. Fundi viatu aliletwa akiwa ameshikwa mkono, akakalishwa kwenye benchi la nyuma, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa skrini kama mtu anayeota moto.

Taarifa ilianza. Kidoti alionekana. Pembeni yake, pale palipokuwa kisanduku, lilikuwapo tangazo la sabuni.

Hakuna aliyecheka. Walimtazama Kidoti akifungua mdomo na kuufunga. Kisha vichwa viligeuka, kimoja kimoja, kumtazama mwanamke mwenye tumbo kubwa aliyekuwa ameegemea meza ya randa.

"Anasema nini?" seremala aliuliza kwa niaba yao.

Aliyokataa kuyasema kule ndiyo waliyokuwa wakiyataka hapa. Aliwaza kuyapunguza. Aliwaza kuwaambia hakuna kitu, wakalale. Kisha akainua mikono.

"Kituo kinasikitika," aliwaambia. "Kinatoa pole. Mkalimani aliyekosea hakuwa mfanyakazi wa kituo. Alikodiwa. Wakalimani wote wamekodiwa. Kituo hakihusiki."

Aliyasema yote mpaka mwisho, kwa uso uleule wa Kidoti, kama ipasavyo. Mtu mmoja alisimama akatoka nje, akaupiga teke ukuta wa mabati, na mle ndani ni mkalimani tu, pamoja na mama mkwe aliyekuwa mlangoni, waliousikia mlio.

Kwenye benchi la nyuma, fundi viatu alikuwa anagonga ubao kwa kiganja.

"Mimi sikuona," alisema. "Naona mikono inatembea. Sioni inasema nini."

Alimwendea. Watu walimpisha, seremala akamsogezea gogo, naye akaketi magoti yao yakigusana. Aliichukua mikono ya mzee, iliyokauka kwa gundi na nyuzi za viatu, akaiweka juu ya yake. Akaanza upya. Kila alama aliifanya polepole, na mikono ya mzee ilipanda na kushuka pamoja nayo, ikikosea, ikirudi, ikishika.

Kituo kinasikitika. Hakihusiki.

Fundi viatu hakuiachia mikono ile.

"Hayo ni yao," alisema. "Wewe je? Wewe unasemaje?"

Miaka yote hiyo alikuwa ameleta maneno ya mawaziri, ya majenerali, ya wauza sabuni. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Mikono ilikaa tupu ndani ya mikono ya mzee, mtoto akapiga teke, televisheni ikahamia kwenye michezo.

"Nilikuwa mfanyakazi wao," alisema.

Mzee aliinamisha kichwa, akiisubiri ile alama impite vidoleni.

"Sijaipata vizuri," alisema. "Rudia."

Akarudia.